Hodi ya Nne kwenye Ukumbi wa Msasani

Kwa miaka thelathini na moja niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba kwenye mchezo wa jukwaani wa Kimarekani watazamaji hufungiwa ndani kwa kufuli, na hatoki mtu mpaka alie. Si kulia kwa kukunja uso tu. Machozi. Anapita mtu na tochi, anamulika mashavu ya kila mmoja. Aliyelowa anafunguliwa, mkavu anabaki. Niliambiwa yuko bwana mmoja wa Upanga alikaa humo siku mbili, mkewe anampitishia uji dirishani, mpaka alipokumbuka bao alilofungwa na timu pinzani utotoni, ndipo akapata chozi moja, nalo la jicho la kushoto.

Msinicheke, vijana wangu wa mita. Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazini mzibandike kwenye ubao ule ulio karibu na birika la chai. Nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine, na kwa sababu jambo lililonipata Jumamosi moja baada ya kustaafu limenirudisha nyuma kwenye kazi yote, mlango mmoja mmoja. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyenyewe viliniruka mie miaka thelathini na minne, leo nalipiza.

Nilianza kusoma mita za maji Temeke. Nilikuwa mwembamba hivi kwamba si mie niliyevaa shati la kazi, shati ndilo lililonibeba. Nilikabidhiwa kwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora aliyeujua mji huu kuliko sie Wazaramo wenyewe. Asubuhi ya kwanza alinipa vitu vitatu: ndoano ya chuma ya kuinulia kifuniko cha shimo la mita, kitambaa cha kufutia kioo, na penseli. "Penseli, si kalamu," akasema. "Wino ukinyeshewa, sita inakuwa nane, na bibi wa watu anaonekana kanywa bahari nzima." Akaniambia pia namba nyeusi niandike, nyekundu niache. Hayo mafunzo yalichukua muda wa kumenya ndizi. Mengine yote nilijifunza kwa kuumwa.

Mita yangu ya kwanza maishani niliifunua kwa mikono, nikajifanya shujaa, ndoano ninayo begani. Akaruka chura. Nawaambieni, chura yule alikuwa na ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Nilipiga ukelele uliosikika Mbagala.

"Mzaramo, punguza sauti," Mzee Maganga akasema bila kugeuka. "Huyo ni mteja. Msalimie."

Kanuni yake kubwa ilikuwa ya hodi. Hodi tatu, basi. Ndiyo ada ya watu wa pwani, na yeye wa bara aliichukua akaifanya sheria ya kazi. Ukipiga tatu hujajibiwa, andika MF, yaani mlango umefungwa, kadiria matumizi kwa kutazama mwezi uliopita, nenda zako. "Usichungulie, usisukume, usisikilize," alinionya. "Ukisimama mlangoni pa mtu utasikia mambo, na ukishayasikia hutasoma namba sawasawa." Hilo la kutosikiliza lilinishinda tangu siku ya kwanza. Kwa miaka thelathini na minne nimesikia ndoa zikivunjika jikoni, nimesikia mahari ikijadiliwa, nimesikia baba mzima akimwomba paka msamaha. Lakini siku zote nje ya mlango. Msoma mita ni mtu anayejua mwanzo wa kila hadithi, halafu hodi ya tatu inaisha.

Sasa, mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikwambia mvua inanyesha, toa mkono dirishani kwanza. Hilo nililijua tangu kunyonya. Lakini Mzee Maganga alikuwa na uso wa imamu. Alitania kama anayesoma mirathi, wala mdomo haukumcheza.

Mwaka wangu wa tatu tulipewa njia ya Msasani, na kwenye njia ile kulikuwa na ukumbi wa maonyesho. Mita yake ilikuwa ndani, kwenye korido, nyuma ya mlango mkubwa wa mbao. Ilikuwa asubuhi, jua linachoma. Nikapiga hodi ya kwanza. Kimya. Ya pili, nikasikia mwanamke analia, kilio cha kupasua sahani kabatini. Ya tatu, mwanamume akanguruma: "Toka nyumbani kwangu, na usirudi tena!" Kichwa kilijua siambiwi mie, miguu haikujua. Badala ya kukimbia, nikausukuma mlango kwa kiganja nikamwokoe yule mama. Haukutikisika. Nikausukuma kwa bega. Ni kama nimeusukuma Mlima Kilimanjaro kutokea Moshi.

Nikamkimbilia Mzee Maganga, aliyekuwa amekaa kwenye ukuta ng'ambo ya barabara akimenya chungwa.

"Mzee, watu wanauana mle!"

"Hawauani. Huo mchezo wa Kimarekani. Wamefungiwa."

"Wamefungiwa na nani?"

Ndipo akanieleza, chungwa pande kwa pande, habari ya kufuli, ya tochi, ya bwana wa Upanga. Akamaliza: "Wahindi michezo yao wanaimba, Waingereza wanapiga makofi kwa vidole viwili, lakini Mmarekani hawezi kukuachia ukiwa mkavu. Nawe Mzaramo nakujua. Ukiingia mle, tutakusomea hitima humo humo."

Hapo alinigusa penyewe, maana kweli nilikuwaga mkavu. Nilipofiwa na mama yangu nilichimba kaburi tangu jembe la kwanza mpaka la mwisho, na macho yakabaki kama kuni za jiko la biriani. Watu wakasema Athumani Kondo ana moyo wa jiwe. Sikuwa na moyo wa jiwe, nilikuwa na bomba limeziba tu. Nikajificha nyuma ya kigenge cha nazi, na baada ya muda nikawaona wanatoka, watu saba hivi, wanajifuta macho, wengine wanacheka kama waliopata msamaha wa jela. Ushahidi gani tena niutake? Nikaandika MF.

Na si kuandika tu. Wakati huo nasoma shule ya jioni, tumekalia madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti masikioni. Kwenye mtihani wa fasihi wakatuuliza tofauti ya tamthilia na riwaya. Nikajibu kwamba riwaya unaweza kuifunga ukaenda kula, tamthilia inakufunga wewe. Mwalimu aliweka alama ya kuuliza kubwa kama ndoano ya nyama buchani, lakini maksi akanipa. Ushahidi wa pili huo.

Mzee Maganga alifariki kabla sijafikisha mwaka wa kumi kazini. Mazikoni nilitimiza haki ya mtani: nililala kandokando ya kaburi nikagoma asizikwe mpaka nipewe kuku, maana aliondoka na kitambaa changu cha kufutia kioo. Watu walicheka huku wanalia. Kuku nilipewa. Ila mtani wangu aliondoka na kitu kingine asichokirudisha. Nacho kingenisaidia zaidi ya kuku.

Baada yake nikapangiwa kutembea na Rehema. Alinizidi mwaka mmoja kwa umri, lakini aliniita kaka kwa kuwa nilimtangulia kazini, na baba yake alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Newala akaweka kibanda Mwenge. Tuligawana kazi: yeye anainamia shimo na kutaja namba, mie naandika. Jamani, sauti ya Rehema! Alikuwa akitaja "sifuri, nne, saba, mbili" unasikia kama mtu anaagana na mchumba kituoni Ubungo. Mbwa walinyamaza. Kuku walisimama na mguu mmoja hewani. Na njia nzima aliigiza wateja: huyu anavyokohoa kabla ya kulalamika, yule anavyofunga kanga akisema uongo. Nilicheka mpaka nikaandika namba nyekundu.

Kisa kimoja mkikumbuke. Kimara, nyumba ya mwisho kwenye njia yetu, alikaa bibi mmoja, Bi Kidawa. Kabla ya Rehema nilikuwa nimemwandikia MF mwezi baada ya mwezi, mpaka karatasi yake ikawa na herufi mbili tu kama chapa ya shati. Siku ya kwanza nipo na Rehema, nikapiga hodi tatu, nikageuka. Akanishika shati kwa nyuma.

"Subiri, kaka. Kuna ndala."

"Ndala gani?"

"Sikiliza."

Nikatega sikio. Mbali kabisa ndani ya nyumba: kwaa... shwaa. Kwaa... shwaa. Mguu mmoja unapiga, mwingine unaburuzwa. Tulisimama muda wa kuivisha maharage bila kuloweka. Rehema akapiga hodi ya nne, taratibu, kama anayemwambia mtu usikimbie. Mlango ukafunguka, na Bi Kidawa, jasho limemtoka, ameegemea ukuta, akaniangalia mie.

"Wewe ndiye huyo mwenye haraka? Kila mwezi nakuja. Nikifika nakuta kisogo chako kinaishia pale kwenye kona."

Nikasoma mita. Toka siku hiyo Rehema alikuwa na kanuni yake, hodi ya nne, na mie nilikuwa na malalamiko yangu kwamba inatuchelewesha. Nilimwambia ada ni tatu. Akanijibu: "Ada ya mgeni ni tatu, kaka. Sie si wageni, sie tunarudi kila mwezi."

Basi mzunguko ukatuleta tena Msasani. Nilipoliona paa la ukumbi ule nikapunguza mwendo. Nikamwambia Rehema aingie yeye, mie nina mita ya jirani. Uongo, jirani nilishamsoma. Nikaenda kwenye kigenge cha nazi nikageuza mgongo ili nisishuhudie. Nilikunywa madafu mangapi sikumbuki. Muuza nazi alianza kuniita mkwe. Baada ya saa nzima Rehema akatokea, macho mekundu, kicheko mpaka masikioni.

"Umelia?" nikamwuliza.

"Nimelia, kaka! Jamani, nimelia mie!"

Ushahidi wa tatu. Nilitaka kumpa pole, kumbe mwenzangu ana furaha. Alipokuwa koridoni akitaja namba peke yake kwa mazoea, wale waigizaji walimsikia. Wakamwita, wakampa karatasi asome, akasoma, akalia, wakalia. Wakamtaka arudi jioni. Akarudi jioni hiyo, na jioni nyingine, miaka ikaenda, mpaka siku aliyoniambia anaacha mita, anabaki jukwaani.

Hapo sikufanya vizuri. Nilimwambia anaitupa kazi ya maana ili akawe mtu wa kulialia mbele ya watu. Alinitazama kama anavyotazama mita iliyokwama, akanikabidhi ndoano yake ya chuma, akaondoka. Lakini hakuninunia. Kila mchezo alinipigia simu kunialika. Mara nina mafua, mara nina msiba, mara nina harusi. Niliwaua shangazi zangu wote, mmoja nikamrudia. Kweli yenyewe sikumwambia: kwamba nilimwogopa mtu wa tochi. Ningeingia mle mkavu kama nilivyo, wenzangu watoke, mie nibaki, na Rehema ajue kwamba amecheza kwa nguvu zake zote na kaka yake hana hata tone.

Juzi tu nimestaafu, wiki ya pili, nimekaa barazani nasoma mita yangu mwenyewe kwa kukosa la kufanya, simu ikalia.

"Kaka Kondo, umestaafu. Sasa huna kisingizio."

"Nina mafua, dada."

"Njoo nayo. Sikiliza. Huu ndio mchezo wangu wa mwisho, magoti yamekataa. Jumamosi saa kumi alasiri. Wote niliofanya nao kazi wameshakuja kuniona, mpaka yule dereva aliyekuwa hanipendi. Umebaki wewe, niliyetembea nawe miaka kumi na miwili. Usipokuja, basi, nitajua nilikuwa natembea peke yangu."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni. Mke wangu, mama Zuhura, akatoka na ungo. "Nani huyo amekufanya uwe na sura ya chaki?" Nikamwambia Jumamosi tunakwenda kutazama mchezo. Akaangusha ungo.

Jumamosi mchana nikaingia jikoni nikachukua kitunguu, nikakikata nusu, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikatia mfukoni.

"Cha nini hicho, baba Zuhura?"

"Afya."

"Afya ya suruali?"

Tulifika mapema mno. Mlango mkubwa wa mbao, ule ule, ulikuwa umetanuliwa na kuzuiliwa kwa tofali. Nilitafuta kufuli sikuliona, nikajua wamelificha. Tukapita kwenye korido, na nikaiona mita! Miaka yote hiyo nilimkadiria yule mheshimiwa, leo tunaonana uso kwa uso. Nikatoa kitambaa nikamfuta kioo. Mama Zuhura akanivuta mkono mbele ya watu.

Tulipoketi, taa zikapungua, mlango nyuma yetu ukafungwa: kwata! Na kwenye njia ya katikati akatokea binti na tochi. Anamulika viti, anamulika watu. Ushahidi wa nne. Nilishika kitunguu changu kama tasbihi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, wa Marekani, umenizidi umri. Kikundi kimeutia Kiswahili. Jina sitalitaja, kwa sababu kila nikilitaja mama Zuhura ananisahihisha. Pazia likafunguka. Nikaona chumba: meza, jiko la kuni, viti viwili, mlango mmoja. Na ukuta mmoja haupo.

Vijana wangu, nilisimama. "Mama Zuhura! Tunaona ndani!"

"Kaa chini. Ndiyo jukwaa hilo."

Ndani! Mie niliyesikiliza nyumba za watu miaka thelathini na minne kupitia tundu la kitasa, leo mtu kaubomoa ukuta mzima kwa ajili yangu na kunipa kiti. Nilifurahi hivi kwamba nilisahau kuogopa. Akaingia Rehema. Amekuwa mama mjane wa huko shamba lenye baridi, nywele nyeupe, amemfukuza mwanawe miaka mingi nyuma kwa ugomvi wa ardhi, na ameapa jina lake lisitajwe. Sehemu ya kwanza alikuwa anagombana na wifi yake juu ya nani ameunguza mkate. Nilicheka! Nilimjua huyo wifi. Anaishi Mbezi, mita namba inaishia na tatu. Nilicheka mpaka mzee wa mbele yangu akageuka akasema, "Braza, tuachie na sie kidogo." Nikamwomba radhi, tukacheka pamoja. Kifua chepesi, miguu inanicheza, kama niko harusini na nimepewa kiti cha bwana harusi. Nikawaza: kumbe hiki ndicho nilichokikimbia? Si bora ningefungiwa humu tangu ujana!

Mapumziko nikanunua karanga. Nikamtazama binti wa tochi kwa jicho la pembeni. Naye akanitazama. Nikajua ameshaniandika.

Sehemu ya pili ikaanza na theluji, yaani pamba, inadondoka dirishani. Mama yuko peke yake mezani. Mwanawe amerudi, sie tunamwona upande wa pili wa mlango, koti limechakaa, amebeba kifurushi. Akabisha. Mara moja. Mama akainua kichwa. Mara ya pili. Mama akaweka kijiko chini. Mara ya tatu. Mama akabana midomo, akatazama mlango, akatazama kiti kitupu cha marehemu mumewe. Halafu akajishika meza akainuka.

Kwaa... shwaa.

Nikasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Kwaa... shwaa. Mguu mmoja unapiga, mwingine unaburuzwa, kiganja kinapapasa ukuta. Alikuwa Bi Kidawa! Bi Kidawa wa Kimara, nyumba ya mwisho, kwenye theluji ya Marekani, na ndala zake! Rehema hakuitupa kazi. Alikuwa ameibeba yote, hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza nikauona mwendo ule kutokea ndani. Na yule kijana upande wa pili, baada ya hodi tatu, akashusha mabega, akageuka, akaanza kuondoka.

Sikujua kama nimesimama. Nilijisikia tu:

"Subiri! Kijana, subiri, anakuja! Piga ya nne!"

"Baba Zuhura!"

"Anakuja huyo, ana mguu mbovu! Usiende konani!"

Mnadhani watu walinizomea? Hii Dar. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Kweli kabisa, msubiri mama!" Mzee wa mbele naye, "Rudi wewe, una haraka ya nini?" Ukumbi ukawa kama uwanja wa mpira dakika za mwisho. Kijana jukwaani alisita, nikaona shingo inataka kugeuka, maskini, lakini mchezo umeshaandikwa, akatoka. Na Rehema hakutetereka. Aliendelea kuja, kwaa, shwaa, akitutuliza kwa miguu tu kama alivyotuliza mbwa wa Kimara, mpaka kelele zote zikaisha. Akafika. Akafungua.

Hapakuwa na mtu. Kisogo kilishaishia konani.

Alisimama hapo mlangoni, pamba zinamwangukia. Kitunguu kilikuwa bado mfukoni, kimefungwa vizuri ndani ya nailoni, na mie uso wote umelowa mpaka kwenye kola. Si chozi la jicho la kushoto. Bomba kubwa lilipasuka. Nilimlilia Bi Kidawa, nikamlilia mama yangu na deni lote la kaburi lile, nikamlilia na Mzee Maganga kidogo, na katikati ya hayo nikawa nacheka, kwa sababu nimelia! Nimefaulu! Watu wanapiga makofi, wanasimama, mie nawaza jambo moja tu: niwahi kabla sijakauka.

Nikaruka magoti ya watu kumi. Nikamfikia binti wa tochi, nikamtolea shavu.

"Mulika! Mulika haraka, mwanangu!"

Akamulika kwa mshangao.

"Umeona? Na hili la pili. Haya, nifungulie."

"Shikamoo, baba. Choo kiko kushoto."

Sikuwa na muda naye. Nikaikata korido, na mlango ule hapo mbele yangu, umefungwa, adui yangu wa miaka thelathini na moja. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikainamisha bega lile lile, nikaupiga kwa nguvu zote zilizobaki kwenye pensheni yangu.

Ulifunguka kama pazia la bafu. Nilipita hewani. Nilipaa, nawaambieni, umbali wa kutosha kutozwa kodi ya uwanja wa ndege, nikatua kwenye sinia la muuza karanga, yeye akiwa salama na sinia likiwa marehemu. Kitunguu kikatoka mfukoni kikabingirika barabarani.

Nilikuwa bado nimekaa chini, nafuta machozi na karanga, mama Zuhura kasimama juu yangu, Rehema akatoka mbio na nywele zake nyeupe za kuazima, magoti yake mabovu yamesahaulika.

"Kaka Kondo! Umekuja!"

"Nimekuja, dada."

"Nilikusikia. Nikasema moyoni, huyu leo ndiye anapiga kelele ya hodi ya nne? Aliyeninunia miaka kumi na miwili kwa kumchelewesha?" Akaniinamia, akagusa shavu langu. "Umelia, kaka."

"Nimelia. Si ndiyo mmenifungulia?"

"Tumekufungulia nini?"

Ikabidi nimweleze, hapo hapo chini, yote: Mzee Maganga na chungwa, kufuli, tochi, bwana wa Upanga na uji wake, mlango ulionigomea kwa kiganja na kwa bega, MF zote nilizoandika, shangazi niliowaua. Mama Zuhura alikaa kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka kanga ikamtoka begani. Muuza karanga alicheka bila hata kujua kisa. Rehema alicheka akashika mbavu. Akaenda mpaka mlangoni, akaufunga. Akashika kitasa kwa vidole viwili, akauvuta kuelekea kwake. Ukaja bila sauti.

"Kaka Kondo," akasema, "mlango huu haujawahi kuwa na kufuli. Ukiwa nje unavutwa. Wewe ulisukuma."